Wakwe Ishirini na Watatu wa Ng'washi

Kijiji chetu cha Isabilo kina mawe manne ya msingi na hakina zahanati. Jiwe la kwanza liliwekwa mwaka themanini na saba, la zege, na jina la mgeni rasmi limeshakwanguliwa na mvua. La pili ni la mwaka tisini na tisa. La tatu, la elfu mbili na nane, ni la marumaru, na mbuzi wanalipenda kwa sababu linatunza joto jioni. La nne lilifunuliwa kwa pazia la kung'aa. Watu wakapiga makofi, ngoma zikalia, na gari la mheshimiwa lilipoondoka likaondoka na pazia. Nakumbuka hata rangi yake. Zambarau.

Nayataja kwa miaka yake kwa sababu watu wa hapa ni wepesi wa kusahau, na wapo wanaolipwa ili wasahau. Mimi kazi yangu ni kutengeneza baiskeli. Sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini magazeti yote yaliyofungia vitumbua katika kijiji hiki kwa miaka thelathini nimeyasoma mimi, pamoja na mafuta yake.

Sasa sikilizeni habari ya mwaka tulioshinda.

Mbunge wetu alipewa kazi nyingine kubwa zaidi huko mbele, jimbo la Bukumbalo likabaki wazi, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Bukumbalo halijawahi kuchagua chama kingine zaidi ya chama kikubwa tangu watu waanze kupanga foleni za kura. Si kwamba wanakipenda. Wanakichagua kama mtu anavyovaa shati lake la kanisani: halijauliza kitu, naye hajaliuliza kitu. Chama kikubwa kikamsimamisha Obedi Lusangija, mtoto wa dada yake mbunge yule yule. Chama chetu kidogo kikamsimamisha Nesi Gladness, mjane, nesi mstaafu, aliyezalisha nusu ya wapiga kura wa jimbo zima na anayemkumbuka kila mmoja alivyotoka, kichwa au miguu.

Obedi hakuwa na la kusema kuhusu zahanati, akasema kuhusu mila. Alikuja Isabilo na vipaza sauti vilivyokodiwa Buzuruga, akapanda juu ya gari, akapaza sauti:

"Huyu mama anataka kuua mila zenu! Mkimpa kura, mtaona mtu na mkwe wake wanakula sahani moja! Mtaona mkwe anapita njiani na mkwe, hakuna anayempisha mwenzake!"

Wazee wakatikisa vichwa kwa uchungu. Nkwabi, mwenyekiti wa tawi la chama kikubwa hapa kijijini, akachukua kipaza sauti akarudia maneno yale yale mara tatu, ya mwisho kwa Kisukuma, ili yaingie vizuri.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na pampu yangu mkononi. Sikuogopa maneno hayo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, watu walikuwa wanamsalimia Gladness mchana, mbele za watu, si jioni nyuma ya nyumba. Kilichoniogopesha ni wakala.

Kura zetu hazikuwahi kufia kwenye foleni. Zilifia ndani ya chumba. Mwaka elfu mbili na kumi wakala wetu alipewa soda, akalala usingizi, akaamka kura zimeshahesabiwa. Mwaka wa kumi na tano wakala wetu aliambiwa ng'ombe wake amenasa kwenye tope la ziwani. Akakimbia. Ng'ombe alikuwa zizini anacheua. Uchaguzi uliofuata, wakala wetu alikula wali na kuku wa upande wa pili, akasaini fomu ya matokeo kabla hata sanduku halijafunguliwa. Alisema kuku alikuwa mtamu. Nilimwambia natumaini ni kweli, maana amekula zahanati yetu.

Kwa hiyo safari hii nilimchagua mwenyewe. Nilikwenda kwa Ng'washi.

Ng'washi ana miaka sitini na minane. Anaanika dagaa pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, na hajawahi kupunjwa wala kupunja. Ukimpa soda atakuuliza unataka nini. Ukimwambia ng'ombe wake amenasa atakujibu, "Na anase, ana miguu minne." Mumewe alifariki njiani, juu ya baiskeli niliyoitengeneza mimi, akipelekwa kwenye zahanati ya kijiji cha tatu kutoka hapa. Hilo hatulizungumzi sana, lakini wote wawili tunajua lipo.

"Kazi yenyewe nini?" akaniuliza.

"Kukaa. Unakaa ndani ya chumba cha kura tangu saa moja asubuhi mpaka kura zihesabiwe. Husinzii, huli cha mtu, hutoki."

"Kukaa tu?"

"Kukaa na kutazama."

"Fundi Yeremia," akasema, "nimewalea mabinti saba. Kukaa na kutazama ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote."

Akaapishwa. Mtu wa akiba hatukuwa naye. Nikajisifu moyoni kwamba kwa mara ya kwanza katika historia ya jimbo hili chumba kimezibwa. Hao mabinti saba aliwataja kwa mdomo wake mwenyewe, mbele yangu, na bado sikusikia!

Siku ya kura nilikuwa wa pili kwenye foleni. Kituo chetu ni kimoja tu, darasa la nne la shule ya msingi. Nilipoingia nilimkuta Ng'washi kwenye dawati karibu na dirisha, kitambaa kichwani, chupa yake ya uji miguuni. Pembeni yake alikaa Nkwabi, wakala wa chama kikubwa, amevaa koti. Nikapiga kura, nikachovya kidole, nikavuka barabara hadi kwenye kibanda changu, nikaanza kuziba pancha huku nikiwatazama wanaoingia na kutoka.

Mpaka saa nne nilikuwa na furaha. Saa nne na nusu nikaanza kuona pengo. Wavuvi wetu hawakuwamo. Wale vijana walioimba usiku na mchana kwenye mikutano ya Gladness, waliomsukumia gari lilipozima, hata mmoja sikumwona. Nikaangusha spana, nikaanza kuwatafuta.

Niliwakuta nyuma ya mashine ya kusaga. Wengine wamekaa juu ya magunia, wengine wamechuchumaa kando ya baiskeli zao, wote wanachungulia shuleni kama wezi wa pumba. Mbele yao alikuwa Paulo, mvuvi, ambaye siku hizi anafanyia kazi upande wa Busisi na alikuwa amesafiri tangu alfajiri ili aje kupiga kura.

"Shikamoo, Fundi," akasema.

"Marahaba. Mnafanya nini hapa?"

"Tunangoja."

"Mnangoja nini? Foleni ina watu kumi!"

Paulo akamtazama mdogo wake, Mihayo. Mihayo akatazama magunia.

"Mkwe yumo ndani," akasema Paulo kwa sauti ya chini.

"Mkwe gani?"

"Mama Ng'washi. Umemweka wewe mwenyewe, Fundi."

Nikakaa juu ya gunia.

Labda nawe umekulia mjini, basi nikueleze. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Haingii nyumba aliyomo. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo haimhusu mume peke yake. Ndugu zake wa kiume nao ni hivyo hivyo, maana walioa wote, ingawa anayelala na mke ni mmoja. Ng'washi ana mabinti saba. Sita wameolewa hapa hapa Isabilo, na wanaume wa hapa hawazaliwi mmoja mmoja.

"Mko wangapi?" nikauliza, ingawa niliogopa kusikia.

"Ishirini na watatu," akasema Mihayo. "Nimehesabu mara mbili. Hakuna kitu kingine cha kufanya hapa."

Mkwe wangu mimi alifariki miaka mingi iliyopita, ndiyo maana nikasahau. Nilikumbuka soda ya mwaka wa kumi, nikamkumbuka ng'ombe wa mwaka wa kumi na tano, nikakumbuka kuku mpaka mifupa yake, nikasahau kitu ambacho kila mtoto wa kijiji hiki anakijua kabla ya kujua kuhesabu. Nilikuwa nimeziba chumba kweli kweli. Nimekiziba na kura zetu zikiwa nje.

"Ingieni mmefumba macho," nikasema.

"Nikifumba macho nitaweka tiki wapi?" akasema Paulo. "Nitampa Obedi kwa bahati mbaya."

"Jifunikeni mashati."

"Fundi, kuna askari pale mlangoni. Ukiingia kwenye chumba cha kura umejifunika uso, utapigia kura yako rumande."

Mmoja nyuma akasema, "Mwambie tu atoke kidogo. Dakika kumi. Tunaingia mbio, tunatoka mbio."

Nilisimama kwa hasira mpaka gunia likaanguka. "Dakika kumi! Mnajua mwaka wa kumi na tano yule wa ng'ombe alitoka dakika ngapi? Saba! Nilizihesabu. Ng'washi hatoki. Akitoka, hata mkipiga kura mara mbili mbili haitasaidia."

Basi tukabaki tunatazamana. Akikaa, kura ishirini na tatu zinabaki kwenye mashine ya kusaga. Akitoka, zote zilizomo ndani hazina mlinzi. Saa ilikuwa tano kasoro. Kituo kinafungwa saa kumi.

Nikavuka barabara kwenda shuleni.

Askari alinisimamisha mlangoni kwa sababu nilishapiga kura. Nikamwomba aniitie msimamizi wa kituo. Alikuwa mwalimu kijana, Hellen Odera, mtu wa Shirati, amepangiwa kwetu kwa kazi hiyo tu. Alitoka na kitabu cha mwongozo kwapani. Nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema:

"Mzee wangu, pole sana, lakini hiyo si sababu ya kiuchaguzi."

"Mwalimu, kwenu Shirati mtu anakaa chumba kimoja na mama mkwe wake?"

"Baba yangu," akasema, "akimwona bibi mzaa mama, mpaka leo anaruka uzio. Na ana goti bovu."

"Basi umenielewa."

"Nimekuelewa. Lakini nifanyeje? Wakala ana haki ya kuwamo, na hao wana haki ya kupiga kura."

"Tundika shuka," nikasema. Sijui lilinijia kutoka wapi. "Kati ya wakala na wapiga kura. Liishie kiunoni. Yeye aone mikono na sanduku, nyuso asizione, nao wasimwone."

Akafungua kitabu chake, akapekua kurasa mbele na nyuma. "Shuka halijakatazwa," akasema polepole. "Wala halijaruhusiwa."

Hapo ndipo Nkwabi alipotokeza kichwa mlangoni. Masikio yake nayajua, yanasikia kila kitu isipokuwa mlio wa njaa.

"Haiwezekani!" akasema kwa sauti ya mkutanoni. "Wakala gani anakaa nyuma ya shuka kama mwari? Hii ni hila ya Yeremia. Mwalimu, ukikubali nitaandika malalamiko. Mambo ya mkwe yaacheni majumbani kwenu, hapa ni serikali!"

Na kwenye foleni, wa tatu kutoka mlangoni, alikuwa Mzee Shimba.

Mzee Shimba ni mtu wa chama kikubwa kuliko chama chenyewe. Ana kadi ya zamani ya karatasi, anaitunza ndani ya Biblia. Katika miaka thelathini hatujawahi kukubaliana hata kama mvua imenyesha au haijanyesha. Akaegemea fimbo yake, akasema:

"Nkwabi. Umesema mambo ya mkwe yaachwe?"

"Mzee, shikamoo, nilikuwa na maana kwamba—"

"Marahaba. Wiki mbili zilizopita ulipanda kwenye gari ukatwambia tumnyime huyu nesi kura kwa sababu mtu atakaa na mkwe wake. Nililia machozi. Mke wangu aliniona. Leo mtu anaomba shuka ili wasikae na mkwe, wewe unasema ni serikali?"

Watu wakaanza kuguna. Nkwabi akavuta kola ya koti.

"Na jambo lingine," Mzee Shimba akaendelea, na fimbo ikainuka. "Mdogo wako Chenge, yule anayeishi mjini, alipeleka ng'ombe wapi mwezi wa saba?"

Nkwabi akatazama viatu vyake.

"Nauliza, maana nilikula harusi ile ya ng'ombe mpaka nikaumwa tumbo. Alipeleka kwa nani?"

"Kwa... kwa Mama Ng'washi," akasema Nkwabi. "Kwa yule binti wa mwisho. Lakini mzee, ndoa yenyewe bado haijafungwa kanisani!"

"Ng'ombe walikubaliwa?"

"Walikubaliwa."

"Basi umekaa bega kwa bega na mkwe wako tangu saa moja asubuhi!"

Sijawahi kusikia foleni ya kura ikipiga kelele namna ile. Wanawake walishika vinywa. Mama mmoja akasema "Yesu wangu!" na mwingine akacheka mpaka mtoto akamshuka mgongoni. Nkwabi alitazama nyuma, akatazama mbele, halafu akafanya kile ambacho mila inamtaka mtu afanye: akaruka kutoka mlangoni, akasimama uani, mgongo kuelekea darasani.

Ng'washi akasema kutoka ndani, sauti imetulia kabisa:

"Mimi nilijua tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja kuona heshima yake itaamka saa ngapi."

"Kwa nini hukusema, mama?" akauliza Mwalimu Hellen.

"Kazi yangu ni kukaa na kutazama, mwanangu. Hawakuniambia kusema." Halafu akaongeza, "Na hao wengine ndiyo maana hawaji? Kwa sababu yangu? Mimi nilidhani wamenunuliwa nyama na Obedi! Nimewalaani mmoja mmoja tangu saa mbili. Fundi, waambie nimewafungulia."

Mzee Shimba akagonga fimbo chini. "Mleteeni mama shuka. Kama sheria haina shuka, mila inalo."

Shuka lilipatikana kwa mwalimu mkuu, Yakobo, anayeishi ndani ya eneo la shule. Lilikuwa kwenye kamba linakauka, lina maua ya waridi na doa kubwa la chai. Mkewe alilitoa kwa sharti lirudi bila matundu. Askari ndiye aliyepanda juu ya dawati kulifunga, na Mwalimu Hellen akapima kwa rula urefu kutoka sakafuni, akaandika kwenye daftari la matukio ya siku: saa tano na dakika ishirini, shuka moja, mawakala wote wameridhia. Nkwabi alisaini akiwa uani. Angekataa vipi? Pasipo shuka asingeweza kurudi ndani, na upande wao nao haukuwa na mtu wa akiba.

Nikapiga mluzi kuelekea mashine ya kusaga.

Walikuja wote kwa pamoja, wamejipangusa vumbi la unga, kofia mikononi. Kila mmoja alipofika mlangoni alikohoa, kama mtu anavyokohoa akikaribia boma la wakwe. Msimamizi alisoma jina, na Nkwabi, ambaye sasa alikuwa upande wa pili wa shuka, akajaribu mara ya mwisho:

"Yule haoni nyuso. Atajuaje kama huyu ni Paulo?"

"Ni Paulo," ikasema sauti nyuma ya maua ya waridi. "Kikohozi hicho kimenidai maji ya kunawa miaka kumi na tisa. Anayefuata ni Mihayo, ana mafua. Wewe Nkwabi tazama nyuso, mimi natazama mikono. Nyuso haziibi kura."

Walipiga kura wote ishirini na watatu. Kila mkono ulipotumbukiza karatasi kwenye sanduku, Ng'washi alisema "Haya," na mwenye mkono akainama kidogo, akatoka haraka. Paulo alitoka jasho likimtiririka. "Nimevua kwenye dhoruba," aliniambia, "lakini sijawahi kutetemeka hivi."

Saa kumi milango ikafungwa, kuhesabu kukaanza jua bado lipo. Shuka likabaki mahali pake, maana Ng'washi na Nkwabi walikuwa bado mkwe na mkwe. Mwalimu Hellen akawa anainua kila karatasi, anaionyesha kushoto kwa shuka, kisha kulia. Tuliokuwa nje tulisikia kila kitu.

"Gladness Ngolo."

"Nimeona," upande wa kushoto.

"Nimeona," upande wa kulia, kwa huzuni.

"Obedi Lusangija."

"Nimeona."

"Nimeona!"

Hakukuwa na soda wala kuku, na ng'ombe wote walibaki mazizini. Kuna mtu alikuja kumwambia Nkwabi kwamba pikipiki yake imeibiwa. Nadhani ulikuwa mpango uliopangwa kwa ajili ya wakala wetu, ukafika kwa mtu asiyehusika. Nkwabi alitoka mbio. Ng'washi hakugeuza hata kichwa. Ilibidi wamngoje arudi, akihema, na pikipiki ilikuwa pale pale alipoiacha.

Isabilo tulishinda. Lakini Isabilo si Bukumbalo. Kuna vijiji vya ndani huko ambako shati la kanisani halivuliwi. Tulilala bila kujua. Kesho yake saa tisa alasiri nilikuwa nimemfungulia mtu mmoja baiskeli nzima, vipande viko chini, redio ya Mihayo ikiwa imewekwa juu ya jiwe la tatu ili ishike vizuri, msimamizi wa uchaguzi akasoma matokeo. Obedi Lusangija, kura elfu kumi na tisa mia nne na sita. Gladness Ngolo, elfu kumi na tisa mia nne na ishirini.

Kumi na nne! Watu walikimbia barabarani, wengine kuelekea ziwani, wengine kuelekea popote. Mwenye baiskeli alicheza akasahau baiskeli yake. Mimi nilibaki nimekaa. Nilitoa wakwe ishirini na watatu kwenye kumi na nne, nikapata tumeshindwa kwa tisa. Nikalirudia hilo mara nyingi, polepole, kama mtu anayepitisha ulimi kwenye jino lililopona.

Hadithi ingeishia hapo kama ningekuwa mtu wa kuridhika.

Mwezi wa pili baada ya kuapishwa, Gladness alikuja kushukuru. Maofisa walitangulia asubuhi na gari, wakashusha mahema, viti vya plastiki, na kitu kimefunikwa kwa gunia. Nililifunua gunia. Lilikuwa jiwe la msingi. Marumaru nyeusi, jina la Gladness kwa dhahabu, na nafasi ya pazia.

Sikumbuki nilisema nini, ila wanasema nilisikika mpaka Bujora. Gladness alipofika alinikuta nimekaa juu ya jiwe lake, nakataa kuondoka.

"Fundi Yeremia, kuna nini?" akauliza.

"La tano!" nikasema. "Nilikupigia kampeni kwa miguu, mama, na wewe unatuletea la tano!"

Alimgeukia ofisa, ofisa akasema ndio utaratibu. Kabla hajajibu, Ng'washi alitoka kwenye umati na kikapu cha dagaa kichwani. Wanaume ishirini na wanne, Nkwabi akiwemo, walipiga hatua kurudi nyuma kama maji.

"Mheshimiwa, shikamoo ya kazi," akasema. "Mawe tunayo. Mbuzi wametosheka. Sisi tuna wakwe wenye nguvu, na tofali tumeshafyatua elfu sita nyuma ya kanisa. Lete saruji na bati, hilo jiwe kamuwekee mjomba wake Obedi."

Gladness alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamwambia ofisa jiwe lirudi kwenye gari, na bei yake igeuzwe saruji. Ofisa akasema halirudishwi, limeshachongwa jina. "Basi geuzeni," akasema Gladness, "liwe kizingiti cha mlango. Jina lielekee chini. Watu wanikanyage mpaka nimalize." Nililiandika hilo kwenye daftari langu, pamoja na tarehe, mbele yake. Aliniona nikiandika. Nilitaka anione.

Saruji ilikuja siku ya Jumatatu. Ng'washi akasema atachota maji ya kuchanganyia, na hakuna wa kumzuia, lakini wajenzi walikuwa ni wale wale. Ikabidi twende tena kwa mwalimu mkuu. Mkewe alilitoa shuka huku akilalamika juu ya tundu moja aliloliona. Tukalitundika kwenye nguzo mbili katikati ya kiwanja: wakwe upande huu wanajenga, mama upande ule anamimina maji kwenye pipa, na Nkwabi upande huu ameshika bomba la kutoka pipani, koti amelivua. Mzee Shimba alikaa kwenye jiwe la pili akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

Sijawahi kuona ukuta ukipanda haraka namna ile. Watu walidhani ni kwa sababu ya zahanati. Ni kweli, lakini pia vijana walichoka kujenga wameinama nyuma ya maua ya waridi. Siku ya nne ukuta ulifika juu ya kichwa cha Paulo. Akapandisha tofali la mwisho la mstari, akakohoa.

"Nimesikia," akasema Ng'washi kutoka upande wa pili. "Sasa toeni hilo shuka, mwenye shuka anataka kulilalia."